Gari Nayo Ina Mkataba Wake

Mazungumzo mbele ya vijana wanaotengeneza filamu na tamthilia, Chake Chake, Pemba. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Vicheko na mabishano ya ukumbini nimeyapunguza.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu mliokaa mbele, walimu wetu, wenzangu mliotoka Wete, Mkoani na Konde, na nyinyi vijana mliojibanza karibu na mlango kana kwamba mna daladala la kuwahi: ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze kuhusu makampuni ya magari na namna yanavyojipenyeza ndani ya filamu na televisheni. Mwenyekiti aliniandikia kichwa cha mada kirefu, chenye "mustakbali" na "fursa" ndani yake. Nimekiacha palepale mezani kwake, anisamehe.

Mnaonijua mnaijua kazi yangu. Mimi si muongozaji wala si muigizaji. Mimi ndiye ninayepigiwa simu saa nne za usiku: "Dada, kesho asubuhi tunataka gari ya bosi." Nikiuliza bosi gani, wa karafuu au wa serikali, najibiwa, "Bosi tu, iwe nyeusi." Basi ninayoyasema leo yametoka kwenye kuyatafuta magari, kuyabembeleza kwa wenyewe, na kuyarudisha yakiwa bado na vioo vyake vyote.

Tuanzie kwenye vibanda vya video, maana wengi wetu elimu ya sinema tumeipatia humo, juu ya benchi, mtafsiri akipiga kelele juu ya sauti ya filamu. Kuna filamu ya mwaka 2003 inaitwa The Matrix Reloaded. Hadithi yake wachache tuliielewa, lakini zile mbio za magari hakuna aliyezisahau. General Motors walitoa magari yapatayo 300 kwa ajili ya filamu ile. Barabara yenyewe ilijengwa makusudi, kilomita mbili na ushei, kwenye kambi ya zamani ya wanamaji huko Alameda, California. Wakaipigia picha, kisha wakaibomoa. Magari yote yale yakaishia kuwa vyuma chakavu. Wenzake stelingi wamepanda Cadillac, gari ya General Motors, maadui wanaowafukuza nao wamepanda Cadillac. Lengo lilikuwa watu watoke ndani ya sinema na jina hilo kichwani.

Sasa filamu ile ikafika kibandani kwetu. Mtafsiri akashika maikrofoni. Maadui wanatokea nyuma na lile Cadillac lao kubwa, na yeye huyo: "Haoo! Wanakuja na Prado!" Kibanda kizima kikapokea: Prado, Prado. Yaani General Motors wametoa magari 300 yakapondwapondwa, na huku kwetu sifa kaichukua Toyota, ambaye hakutoa hata nati ya gurudumu.

Nacheka, lakini tusicheke tukapitwa na jambo. Katika filamu gari haiji yenyewe. Kuna mtu kaileta, na kaileta kwa sababu yake. Huko kwa wenzetu sababu hiyo inaandikwa na kutiwa saini kabla kamera haijawashwa. Huku kwetu haiandikwi popote, kwa hiyo tunailipia baadaye, na mara nyingi tunailipia kwa kuiharibu hadithi. Hilo ndilo nililokuja kulisema. Mengine nitakayoyasema ni ushahidi wake, na mengine ni porojo kwa sababu nazipenda filamu.

Watu wengi wanadhani kampuni ya gari humpelekea mtayarishaji sanduku la fedha. Inatokea. Lakini mara nyingi zaidi kinachotolewa ni gari yenyewe. Filamu ya mapigano inakula magari. Ukiyanunua yote, fedha ya waigizaji imekwisha. Kampuni ikija na magari yake, na mafundi wake wa kuyatengeneza yakigongwa, bajeti inapumua. Kisha kampuni inatengeneza matangazo yake ya televisheni yenye sura za filamu ile ile, kwa gharama yake, wiki zile zile filamu inapoingia sinema. Hapo filamu imetangazwa bure na gari imetangazwa bure, na aliyetoa fedha nyingi taslimu huwezi kumwona kwa urahisi. Na msisikitike sana kwa yale magari yanayopondwa. Mengine ni ya majaribio kutoka kiwandani, ambayo kwa vyovyote hayaruhusiwi kuuzwa kwa mteja. Kama yasingekufa kwenye filamu yangekufa kwenye mashine.

Hebu niulize. Nani hapa amewahi kuiona kwa macho yake gari inayoitwa Aston Martin DB5? Hakuna. Haya, nani anaijua? Naona mikono mpaka kule mlangoni. Gari hiyo ilitengenezwa baina ya 1963 na 1965, na jumla yake haikuzidi sana 1,050. Kiwanda kidogo cha Uingereza, magari yenye kuhesabika, na kijana wa Chake Chake mwaka huu anaitambua kwa mbali. Imefanywa na filamu moja, Goldfinger ya 1964, ambamo yule jasusi James Bond aliipanda ikiwa na bunduki mbele na kiti kinachomrusha abiria juu. Mwanzo kampuni wala haikuwa na hamu kubwa ya kujiingiza katika jambo hilo. Mwaka 2019 DB5 moja ikauzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 6.4 hivi. Na gari hiyo haikuonekana hata ndani ya filamu! Ilikuwa ni moja kati ya zile zilizotengenezwa za kutembezwa mijini kuitangaza filamu iliyofuata.

Miaka thelathini baada ya Goldfinger wakaja BMW. Hao hawakusubiri bahati. Mwaka 1995, katika GoldenEye, Bond akapewa BMW Z3, gari ndogo ya wazi ambayo ilikuwa bado haijaanza kuuzwa. Ukiitizama filamu unajiuliza, gari iko wapi? Inapita kidogo tu, haipigi risasi, haifanyi chochote cha maana. Lakini kabla haijafika madukani zilikuwa zimeshapatikana oda zipatazo 9,000, wakati wao wenyewe walikuwa wanatarajia 5,000. Hapo makampuni yote yakafumbua macho.

Filamu ninayoipenda mimi kwa somo hili ni Die Another Day, ya 2002. Kama filamu, tusemeane ukweli, si nzuri. Lakini kuna pahala Bond anakimbizana na adui juu ya ziwa la barafu huko Iceland. Bond kapanda Aston Martin. Adui kapanda Jaguar. Wanarushiana makombora, moshi umetanda, na mtazamaji roho mkononi, nani atashinda? Mwaka ule Aston Martin ilikuwa mali ya Ford. Jaguar mali ya Ford. Na yule mwanamke wa upande wa Bond alikuja na Ford yenyewe, Thunderbird. Ashinde nani, ashindwe nani, aliye kwenye ile kiti kubwa ya ofisini Michigan alikuwa ameshashinda kabla mapambano hayajaanza. Mimi tangu nilipolijua hilo, kila nikiona magari mawili yanafukuzana katika filamu, jicho langu la kwanza naliweka kwenye nembo.

Toyota nao wamo katika habari za Bond, tena mapema. Mwaka 1967 ilitoka filamu moja iliyopigwa Japani, na gari iliyochaguliwa ilikuwa Toyota 2000GT. Ikaonekana muigizaji wa Bond, Sean Connery, ni mrefu, hawezi kukaa ndani akapigwa picha vizuri. Wakakata paa. Magari mawili tu yalitengenezwa bila paa, kwa ajili ya mtu mmoja mrefu. Nyinyi mkiletewa gari isiyomtosha stelingi wenu, mnambadilisha stelingi.

Sasa nataka tukae kidogo na Pontiac, gari nyingine ya General Motors, kwa sababu habari yake watu huisimulia nusu. Mwaka 1977 ilitoka filamu ya Smokey and the Bandit, gari nyeusi ya Pontiac Trans Am inawakimbia polisi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mwaka ule Trans Am zilizotengenezwa zilikuwa elfu 68 na ziada; mwaka uliofuata zikapindukia 93,000. Mwaka 1982 ikaja tamthilia ya Knight Rider, na wale wa umri wangu mnaikumbuka kwenye kanda: gari nyeusi inayosema, inayojiendesha, yenye taa nyekundu inakwenda na kurudi mbele. Nayo Trans Am. Mwaka 2004 mtangazaji wa televisheni Oprah Winfrey akawapa watu wote waliokuwa studioni kwake gari moja moja, Pontiac G6, magari 276. Wanawake walilia, walirukaruka, dunia nzima ikaona. Ambacho hakikuonekana ni kwamba magari yale yalitolewa na kampuni, hayakutoka mfukoni mwa Oprah, na kwamba kila aliyepewa alitakiwa alipe kodi, wengine mpaka dola 7,000 hivi. Kupewa gari ya bure ukakope fedha ya kodi, hiyo nayo ni zawadi ya namna yake.

Haya, filamu ya kutia fora, tamthilia ya kutia fora, na mwanamke aliyekuwa akitazamwa kuliko wote Marekani. Pontiac iko wapi leo? Mwaka 2009 General Motors walitangaza kuiua Pontiac, kisha wenyewe wakafilisika, na mwaka 2010 ikafa. Kumbe filamu inaweza kuiuza gari mwaka huu na mwakani. Kuiokoa kampuni inayoharibu mambo yake haiwezi. DeLorean nao hivyo hivyo: kiwanda kilikuwa kimeshafilisika 1982 baada ya kutoa magari 9,000 tu hivi, ndipo mwaka 1985 gari ile ikawa maarufu duniani kote kwa kurudi nyuma ya wakati katika Back to the Future. Umaarufu ulimkuta mwenyewe hana cha kuuza. Na katika filamu ile ile, kama mtaitizama tena, kuna gari nyingine ambayo kijana anaitamani mpaka anasimama kuikodolea macho. Ni pikapu nyeusi ya Toyota. Ndugu yake ndiyo hizi Hilux zinazoshusha magunia ya karafuu hapa mjini.

Hilux yenyewe ina kisa chake. Mwaka 2003 kipindi cha Top Gear cha BBC kilichukua Hilux kuukuu wakataka kuiua. Wakaiacha baharini maji yakajaa yakaichukua. Wakaichoma moto. Wakaiweka juu ya jengo refu, jengo likabomolewa kwa baruti. Kila mara fundi aliingia na spana zake za kawaida, na ikawaka. BBC hairuhusiwi kuchukua fedha za kampuni kuonesha bidhaa katika vipindi vyake vinavyolipiwa na wananchi, kwa hiyo Toyota walipata bure kitu ambacho General Motors hawakukipata kwa magari 300. Mtu wa Pemba hakuhitaji kuoneshwa, bila shaka. Hilux ikipanda vilima vya huku na mzigo wake anaiona kila siku.

Nirudi kwenye nilichokusudia, maana naona mwenyekiti anatizama saa.

Mwenye gari anapoileta gari yake, analeta na masharti. Mwaka 2008 ilitoka Slumdog Millionaire, filamu ya mtoto wa mtaa wa mabanda huko Mumbai. Muongozaji wake, Danny Boyle, alieleza baadaye kwamba Mercedes-Benz hawakuwa na tatizo gari yao kupandwa na jambazi. Jambazi sawa. Walichokikataa ni gari yao kuonekana katika mtaa wa masikini. Ikabidi watengenezaji waifute nembo kwa kompyuta, picha baada ya picha, na ikawagharimu maelfu kwa maelfu ya pauni. Hebu lifikirini hilo taratibu. Muuaji mwenye suti hailetei gari aibu, ila masikini anapita ubavuni mwake ndiyo aibu.

Msije mkadhani ni tabia za Wajerumani tu. Kuna tamthilia moja niliyoisaidia kisiwani humu. Jina silitaji, mwenye gari simtaji. Hadithi ilikuwa ya mirathi. Ami mtu anawadhulumu mayatima wa ndugu yake, anawanyang'anya shamba la mikarafuu, anajenga, ananunua gari. Tukahitaji gari. Tukapata Alphard nyeupe, safi, ndani imefungwa vitambaa vya viti vilivyotariziwa, na nyuma kwenye kioo kuna stika kubwa ya biashara ya mwenyewe na namba ya simu. Makubaliano yetu yalikuwa ya mdomo: sisi mafuta, yeye gari, Mungu ndiye shahidi.

Siku ya kwanza akaja akasema stika ionekane. Haki yake, gari yake. Lakini stika iko nyuma. Basi kila kipande cha gari kikapigwa kutoka nyuma. Ami anafika shambani, tunamwona kisogo. Mama wa mayatima anaililia gari isiondoke, uso wake uko mbele ya gari, sisi tuko nyuma tunapiga picha namba ya simu. Muigizaji yule alilia machozi ya kweli siku hiyo, na hakuna mtu hata mmoja aliyeyaona.

Siku ya pili akaja na shemeji yake kutizama. Wakakaa kivulini wanakunywa maji ya madafu, wakasikiliza mazungumzo ya waigizaji, ndipo akafahamu kwamba aliyepanda gari yake ndiye dhalimu wa hadithi. Akasimama. "Dada'angu, gari yangu inajulikana kisiwa kizima. Haiwezi kupandwa na mla mali ya yatima." Tukambembeleza, tukamweleza ni mchezo tu. Hakukubali, na kusema kweli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaona haya mbele ya watu wake. Gari ilikuwa imeshaonekana katika nusu ya kazi, hatuwezi kuibadilisha. Muongozaji akakaa chini na kalamu. Ami akageuzwa kuwa mtu mwema aliyepotezwa na dereva wake. Dereva! Mtu ambaye mpaka hapo alikuwa hajasema neno zaidi ya "Ndiyo, mzee." Tamthilia ilipotoka, watazamaji wakawa wanauliza swali moja: huyo dereva hati ya shamba aliipata wapi? Mpaka leo hatuna jibu.

Ford kule barafuni alijua kila kitu kabla: nani atapanda gari gani, nani atazama. Sisi mwenye gari wetu alijua siku ya pili, chini ya mwembe. Tofauti yetu na wao kubwa iko hapo, kabla hata hujazungumza habari ya fedha.

Na fedha tuizungumze. Kuna kijana aliniambia atawaandikia Toyota Japani wamdhamini filamu yake, kwa kuwa filamu zetu zimejaa Toyota. Nikamwambia mwanangu, fikiri kwanza wewe unamuuzia nani. Gari nyingi zinazotembea hapa zimefika zikiwa zimeshatumika. Toyota walikula faida yao miaka mingi nyuma, siku Mjapani wa kwanza alipoinunua mpya. Ikija kwetu, wanaokula ni wengine: mnada wa kule, msafirishaji, meli, wakala wa kuitoa bandarini, na mwenye yadi. Hata watu wa kisiwa chote wakitoka sinema wanaililia Harrier, Japani haitengenezwi Harrier moja ya ziada kwa ajili hiyo. Mwenye sababu ya kukulipa ni mwenye yadi ya Unguja. Ni mwenye kukodisha magari ya harusi na ya watalii. Ni fundi wa rangi, muuza matairi, mwenye duka la vipuri. Mlango wa hao mnaufahamu, na wanasema Kiswahili.

Tena mna kitu ambacho wao wanakitaka na nyinyi hamkioni. Kwenye hizi tamthilia zetu, gari inafika kwenye geti, inapiga honi, mlinzi anakuja taratibu, anafungua upande mmoja, anafungua upande wa pili, gari inaingia, inaegeshwa, mlango unafunguka, kiatu kinatoka, halafu mtu. Dakika nzima! Mimi nimekuwa nikiwasihi wahariri waikate, maana haiisukumi hadithi hata hatua moja. Lakini kama mtaiacha, basi jueni mnatoa dakika nzima ya tangazo, na mnaitoa kwa tenki la mafuta ambalo tena mmelijaza nyinyi wenyewe.

Kwa hiyo andikeni. Karatasi moja inatosha, kwa lugha ambayo mwenye gari ataisoma bila wakili. Iseme gari ni ipi na iko katika hali gani, na mpige picha pande zote siku ya kuichukua, pamoja na ule mkwaruzo wa zamani ambao siku ya kuirudisha utakuwa wenu. Iseme nani anaendesha: muigizaji wenu mwenye leseni, au dereva wa mwenyewe amevalishwa nguo za muigizaji, jambo ambalo mimi nalipendelea. Iseme nani analipa ikigongwa, na mmoja wenu aende akaulize bima ile inakubali gari kutumika kwa kazi ya filamu au haikubali, msikisie. Iseme stika inaonekana wapi na jina la biashara linaandikwa mwisho wa filamu kwa maandishi gani. Na juu ya yote hayo, kabla ya mafuta na kabla ya bei, msomeeni mwenye gari hadithi nzima, mpaka mwisho, mumwambie waziwazi: atakayepanda gari yako ni mwizi. Akikataa, amekataa mapema, mnatafuta nyingine. Akikubali, iandikwe kwamba hadithi haiguswi. Hiki cha mwisho msikiuze kwa bei yoyote. Mengine yote yana bei.

Kuna mtazamaji naye, ambaye hakuwepo kwenye makubaliano. Waingereza waliruhusu bidhaa za kulipiwa ndani ya vipindi vya televisheni mwaka 2011, wakaweka sharti: kipindi kinapoanza, kinapokwisha na kinaporudi baada ya matangazo, ioneshwe alama ya herufi P kwenye pembe ya kioo, mtazamaji ajue humu ndani kuna kitu kimelipiwa. Vipindi vya watoto na taarifa za habari wakavikataza kabisa. Marekani sheria yao ya mawasiliano tangu 1934 inamtaka mwenye kituo amtaje aliyelipa, ingawa filamu za sinema hazikubanwa na sharti hilo. Mimi nasema sisi tusisubiri kubanwa. Mnapopeleka kazi zenu kukaguliwa na Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na mnapozitia mtandaoni, wekeni mstari mmoja mwanzoni: gari zilizomo zimetolewa na fulani. Sekunde tatu. Hazimpunguzii mtu kitu, na mwenye yadi mwenyewe atafurahi maana jina lake limetangulia.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Baada yake yalikuja maswali, na mawili nayaandika.

Mzee mmoja aliyekaa mbele alisimama na bakora yake. "Kwani lazima gari? Zamani mtu tajiri kwenye mchezo alijulikana kwa kanzu na joho." Ukumbi ulicheka, lakini alisema kweli na nilimwambia hivyo. Kuna tamthilia ya Kimarekani ya wachunga ng'ombe, Bonanza, watu wamepanda farasi mwanzo mpaka mwisho, na mdhamini wake mkubwa alikuwa Chevrolet. Kampuni ya magari iliridhika kudhamini farasi kwa sababu watu walikuwa wanatizama. Huku tuna gari za ng'ombe, tuna ngalawa, tuna vespa. Bosi wa karafuu akija shambani juu ya vespa kuukuu, nami nitamwogopa zaidi kuliko huyo wa Alphard, maana huyo fedha yake hajaitumia.

Msichana wa Wete akauliza: mwenye yadi akisema atatoa fedha, lakini anataka jina la yadi litajwe na waigizaji, afanye nini? Nikamjibu: mara moja, na litajwe na mtu ambaye kweli angelitaja. Mtu aliyenunua gari jana atasema kainunua wapi, hilo halina shaka. Bibi aliyefiwa na mumewe asubuhi hawezi kulitaja. Mwenye yadi aking'ang'ania bibi, mrudishie fedha yake, ukodi gari kwa siku moja, uzipige sini zote za gari siku hiyo hiyo. Na ukienda kwake kuzungumza bei, nenda na mtu wa pili, kaeni, kunyweni chai, msitaje kiwango cha kwanza nyinyi.